Kinga ya rangi ya gari: nunua unene, usinunue mng'ao

FEDHA za kahawa wilayani Karagwe na Kyerwa huingia mikononi wakati ule ule vumbi linapozidi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ni kipindi cha kukusanya kahawa, na magari huandamana kwenye barabara za changarawe, la mbele likilirushia la nyuma kokoto. Gari lililotoka Japani likiwa linang'aa huonekana na vidonda vidogo kwenye boneti kabla ya msimu kwisha. Mvua za Septemba zikianza, kidonda kilichofika kwenye bati huanza kushika kutu, na bei ya kuliuza gari hilo huanza kushuka.

Lami ya kutoka Kyaka hadi Bugene imewapunguzia adha wasafiri wa Bukoba. Hata hivyo, anayeingia vijijini kufuata kahawa au ndizi bado hukanyaga changarawe. Ndiyo maana plastiki angavu ya kulinda rangi ina faida ya kibiashara huku kuliko katika mji wenye lami tupu. Swali ni ipi inunuliwe, na ibandikwe wapi.

Bidhaa tatu, kazi tatu

Wauzaji huchanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni stika ya PVC ya kubadili rangi ya gari, yenye unene wa karibu mikroni 100; mikroni 1,000 ni milimita moja. Hiyo ni pambo: huzuia mikwaruzo midogo, si kokoto. Cha pili ni dawa ya seramiki inayopakwa kwa kitambaa. Hurahisisha kuosha matope na hutunza mng'ao, lakini utando wake ni mwembamba mno kuzuia jiwe.

Cha tatu ndicho kinga yenyewe, yaani plastiki ya poliuretani, ambayo lebo yake huandikwa TPU, yenye unene wa mikroni 150 hadi 200 hivi. Plastiki ya jamii hii ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani kukinga mapanga ya helikopta wakati wa vita ya Vietnam. Jiwe likiipiga hunyumbuka, na nguvu ya pigo hutawanyika kabla ya kufika kwenye rangi. Mikwaruzo myepesi hujifuta kwa joto la jua au maji ya moto, ingawa palipochanika hapajiponyi.

Ipo pia plastiki angavu ya PVC inayouzwa kwa jina la kinga. Bei yake ni nafuu, lakini juani huwahi kugeuka njano na kukakamaa. Mnunuzi aulize mali ghafi na unene, kisha adai waranti ya maandishi inayotaja kugeuka njano, kupasuka na kubanduka.

Hesabu ifanywe kwa mwaka

Tuseme, kwa mfano tu, PVC inagharimu shilingi 500,000 na kudumu miaka miwili, na TPU inagharimu shilingi 1,200,000 na kudumu miaka sita. Ya kwanza ni shilingi 250,000 kwa mwaka. Ya pili ni 200,000. Iliyoonekana rahisi ndiyo ghali, na bado haijahesabiwa gharama ya kuibandua.

Si lazima kufunika gari zima. Kokoto hupiga bampa la mbele, ncha ya boneti, vioo vya pembeni, sehemu ya chini ya milango na bodi iliyo nyuma ya magurudumu. Kwa gari la kubeba mzigo, uongezwe mdomo wa buti, ambako magunia na mikungu ya ndizi huburuzwa. Vizuia matope vya mpira viwekwe kwanza, kwa kuwa gharama yake ni ndogo.

Rangi ya chini ikaguliwe

Hasara kubwa hutokea pale plastiki inapobandikwa juu ya rangi mbovu. Gari lililotumika huenda lilipigwa rangi upya, na rangi isiyoshika vizuri hung'oka pamoja na plastiki siku ya kuibandua. Kipima unene husaidia: rangi ya kiwandani kwa kawaida ni kati ya mikroni 100 na 180, na kipimo kinachozidi sana hapo ni dalili ya rangi ya pili. Kipimo cha kawaida hakisomi bampa la plastiki, hivyo bampa likaguliwe kwa macho. Rangi mpya isibandikwe kabla ya kukauka kabisa, kazi inayoweza kuchukua mwezi au zaidi.

Fundi naye achunguzwe. Abandike ndani ya chumba kilichofungwa na kumwagiwa maji sakafuni, kwani punje ya vumbi ikinaswa chini haitoki. Vipande vilivyokatwa tayari ni salama kuliko kukata kwa wembe juu ya gari. Kingo zikunjwe ndani ya boneti. Zikiachwa wazi, udongo mwekundu huganda na kuchora mstari wa kahawia. Wakati wa kuosha, bomba la presha lisielekezwe kwenye kingo hizo.

Mwenye fedha kidogo aanze na vizuia matope, kisha bampa na ncha ya boneti kwa TPU. Mwenye gari ambalo rangi yake imeanza kubanduka airekebishe kwanza, la sivyo atalipa mara mbili.