Oksijeni, dawa iliyoanza mikononi mwa mchungaji

Wenyeji wa Goma wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Haionekani, lakini mtoto au mbuzi akishuka humo anaweza kufa. Sehemu yake kubwa ni hewa ukaa.

Kati ya waliochunguza hewa hiyo mapema alikuwa mchungaji, Joseph Priestley, aliyehudumu Leeds, Uingereza, tangu 1767. Kwenye kiwanda cha pombe cha jirani aliona mshumaa ukizimika juu ya pombe inayochacha. Mwaka 1774 alipasha moto unga mwekundu wa zebaki, akapata hewa nyingine. Ndani yake mshumaa uliwaka kwa nguvu, na panya akaishi kuliko katika hewa ya kawaida. Priestley aliivuta mwenyewe, akaandika kwamba huenda ingefaa wagonjwa wa mapafu. Mafundisho yake juu ya Utatu hatuyapokei, lakini kwa kazi hii tunashukuru. Lavoisier wa Ufaransa aliiita oksijeni.

Mwaka 1799 daktari Thomas Beddoes alifungua huko Bristol nyumba ya kutibu kwa hewa, akitumaini kuponya kifua kikuu. Hakufaulu. Lakini kijana wake wa kazi, Humphry Davy, aliona kwamba gesi ya naitrasi oksaidi inatuliza maumivu, akaandika mwaka 1800 kwamba ingefaa katika upasuaji. Wazo hilo lilikaa bila kutumika zaidi ya miaka 40, na wagonjwa wakaendelea kupasuliwa wakiwa macho. Oksijeni nayo ilingoja. Ni katika Vita Kuu ya Kwanza John Haldane alipoonyesha namna ya kuwapa vizuri askari walioumizwa na gesi ya sumu.

Sisi wa Ntoto tusingoje hivyo. Oksijeni haiui vijidudu vya nimonia, kazi hiyo ni ya dawa nyingine. Inamshikilia mtoto hai wakati dawa zinafanya kazi. Mama akiona mtoto anapumua mbio, kifua kinabonyea ndani, au midomo inageuka bluu, aende kituo cha afya saa hiyo hiyo, asingoje maombi ya jioni. Tutamwombea akiwa njiani. Na kwa kuwa mashine ya oksijeni haifanyi kazi bila umeme, kamati za makanisa ziulize kituo chao: mashine ipo? Umeme wa jua unatosha usiku? Hapo sadaka yetu inaweza kuwa pumzi ya mtu.