Anayelinda maji ya Meru alipwe na nani?

Masika yanapoingia, mito inayoteremka kutoka Mlima Meru hubadilika rangi. Themi unaopita katikati ya jiji la Arusha, Nduruma na Usa, yote hushuka ikiwa imebeba tope. Tope hilo, ndugu msomaji, si kitu kingine ila udongo wa juu wa mashamba ya watu, ule wenye rutuba, ambao mkulima wa migomba na kahawa kule Akheri, Nkoaranga au Ilkiding'a akishaupoteza hana pa kuupata tena. Na mbolea ya ruzuku aliyoinunua imo humo humo.

Tumeona Ijumaa hii tuizungumzie misaada ambayo Serikali humpa mkulima, kwa sababu kuna jambo moja ndani yake ambalo halijasemwa vya kutosha. Misaada hiyo kwa sehemu kubwa hununua vitu vinavyomalizika katika msimu mmoja. Kazi inayobaki ardhini kwa miaka mingi, yaani matuta, miti na kingo za mito zilizohifadhiwa, mkulima huifanya kwa jasho lake mwenyewe, na faida yake kubwa huenda kwa watu wasiomjua.

Tuanze na vocha. Kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14 Serikali, ikisaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, iligawa vocha za pembejeo kwa wakulima wadogo wa mahindi na mpunga. Vocha ililipa takriban nusu ya bei ya mbolea na mbegu za ekari moja, na nusu iliyobaki alilipa mkulima. Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili: mpango uliwalenga wanyonge, lakini mnyonge asiye na fedha ya kujazia alibaki ameshika karatasi tu, na wako waliouza vocha zao kwa bei ya kutupa. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea kwa utaratibu mpya wa kusajili wakulima, na kwa msimu ule zilitengwa Sh bilioni 150. Mfuko wa DAP wa kilo 50, uliokuwa umepanda kupita Sh 100,000, ukashushwa hadi Sh 70,000. Ni nafuu ya kweli, nasi hatuibezi. Lakini mgawo hufuata ukubwa wa shamba lililosajiliwa. Mwenye nusu ekari mteremkoni hupata kidogo kuliko wote, ilhali ndiye ambaye jembe lake huamua kama mto utashuka safi au mchafu.

Arumeru haikukosa mfano mwingine. Mwaka 1989, kabla wilaya hiyo haijagawanywa kuwa halmashauri mbili za Arusha na Meru, ulianza mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto uliojulikana kwa jina la SCAPA, kwa fedha za Uswidi. Wataalamu walipita mashambani wakipima makingamaji pamoja na wenye mashamba, na wakulima wakachimba. Ukitupa udongo upande wa juu wa mfereji, hiyo ni fanya juu. Ukiutupa upande wa chini, ni fanya chini. Juu ya tuta hupandwa mabingobingo au majani ya Guatemala, ambayo hushika udongo na papo hapo ni chakula cha ng'ombe wa zizini. Mwenye ng'ombe aliiona faida mapema. Asiye naye alichimba kwa imani.

Kisha ikaja sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Shabaha yake ni njema, na haina ugeni kwa wasomaji wetu: wanazuoni wa fiqhi wanaifahamu harimu, eneo linalozunguka kisima au chemchemi ambalo haliguswi ili maji yasidhurike. Ila tupige hesabu. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 63 na ushei. Mwenye ekari yake kandoni mwa mto, sheria ikitekelezwa neno kwa neno, hubakiwa na ukanda wa hatua chache. Mwenye nusu ekari habakiwi na kitu. Kumwambia mtu huyo aache kulima, bila kumwambia watoto wake watakula nini, ni kumtwisha peke yake mzigo wa watu wengi.

Na watu hao ni wengi kweli. Maji ya miteremko ya kusini ya Meru huingia Kikuletwa, yakaenda bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Njiani huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, megawati 8, Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68. Jiji la Arusha nalo lilitekelezewa mradi wa maji wa takriban Sh bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Fedha nyingi zimelazwa katika visima, mabomba na matangi. Sehemu ndogo tu ya kiasi hicho ingetosha kuwalipa wachimbaji wa matuta wa vijiji vingi.

Jambo hili limewahi kujaribiwa nchini. Katika Milima ya Uluguru, mpango ulioanza mwaka 2006 chini ya CARE na WWF uliwalipa wakulima wa Kibungo Juu kwa kupanda miti na kuchimba matuta, na miongoni mwa waliochangia malipo walikuwa DAWASCO na Coca-Cola Kwanza, kwa kuwa wote walitegemea maji ya Ruvu.

Kwa Meru njia ipo tayari. Bodi ya Maji Bonde la Pangani hutoza ada kwa wenye vibali vya kutumia maji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji, ambazo wanachama wake wanajua kila mfereji na kila anayeuziba. Sehemu ya ada ipande mlimani kupitia jumuiya hizo. Ilipwe baada ya mvua, tuta likiwa bado limesimama, na akabidhiwe aliyelichimba, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hata kama shamba limeandikwa kwa jina la mtu mwingine.