Motere ya turbo na joto ya mwezi wa kumi: kazi gani tunaweza kufanya ku nyumba

Mwezi wa kumi, mbele mvula ianze, ni mwezi mubaya kwa magari ya mbio. Ku barabara ya Likasi na ile ya Kolwezi tunaonaka gari pembeni, kapo wazi, mvuke inapanda, na mwenyewe anasimama na bidoni tupu ku mukono. Mara nyingi si Toyota ndogo ya taksi. Ni zile za turbo zenye vijana wa kazi wanapenda kununua kisha kupata prime: Subaru Impreza, Forester, Toyota Chaser, Mark II. Nguvu yote ile inatoka ku moto. Katika moto ya esanse, karibu sehemu moja kwa tatu njo inasukuma gari. Ingine inatoka na moshi, na ingine inapashwa kubebwa na maji ya radiatere. Ukiongeza nguvu, unaongeza moto pia. Na radiatere ya gari iliyotoka Japani imekwisha kuzeeka mbele ifike Kasumbalesa.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifikirie: kimo cha inchi yetu. Lubumbashi iko kwa metre zaidi ya 1200 juu ya bahari, Kolwezi zaidi ya 1400. Pale Dar es Salaam maji katika sufuria inachemka kwa degre 100. Kwetu inachemka kwa 95 ao 96. Bamama wanaopika maharagi wanajua vile inakawiaka ku moto. Sasa, motere nzima inatumika kwa degre 85 mpaka 95 hivi. Kama maji yake haikufungiwa, ingekuwa inachemka kila siku, hata bila ubaya wowote.

Kitu kinachoizuia ni bushoni ya radiatere. Ndani kuko resori na kautshu, inafunga maji na presio ya 0,9 ao 1,1. Namba inaandikwa juu yake. Na bushoni muzuri ya 0,9, maji ya gari ku Kolwezi inachemka paka karibu na degre 116. Kautshu ikipasuka, tunarudi kwa 95. Njo maana tunashangaa kuona mutu ananunua radiatere kubwa ya aliminyo, franga mingi inatoka, na bushoni ya zamani anairudisha juu yake! Bushoni inabadilishwa kwanza. Lakini usitafute yenye presio kupita ile ya kiwanda: madirite ya zamani na plastiki ya radiatere itapasuka. Na wenye Subaru ya turbo, muangalie: kuko bushoni mbili, moja ku radiatere, ingine ku chupa ya chuma karibu na turbo. Hazina presio moja, na kubadilishana fasi yao inaleta taabu.

Kisha, vumbi. Watu wa karriere hatuna la kuwafundisha hapa. Wanajua vile radiatere za makamyo makubwa zinapulizwa na kusafishwa bila kuchoka. Lakini mutu yule yule, gari yake ya nyumba haijafunguliwa hata mara moja tangu ainunue. Mbele ya radiatere ya maji kuko radiatere ya klima, na wengi wanaongeza tena ile ya hewa ya turbo. Kati kati yao munaingia bulongo nyekundu, mbegu za majani, vidudu, mpaka inakuwa kama blanketi. Motere ikiwa baridi, fungua vis za juu, inamisha radiatere kidogo, piga maji na tiyo ya kawaida kutoka upande wa motere kwenda mbele. Usitumie mashini ya presio, itakunja vile vipande vyembamba vya aliminyo na hewa haitapita tena.

Kazi ya tatu ni ya bure kabisa. Hewa, kama maji, inapita fasi nyepesi. Ukiacha matundu pembeni ya radiatere, juu na chini, hewa inapita pale badala ya kupita ndani yake. Chukua shambre ya zamani ya kamyo, kata mikanda, funga matundu yote kati ya radiatere na bodi. Angalia pia ile plastiki ya muviringo inayozunguka vantilatere. Magari mengi yaliyogongwa yanaikosa, juu fundi hakuona faida ya kuirudisha. Bila yeye vantilatere inavuta hewa paka mbele ya mapanga yake, na kona zote za radiatere zinakaa bila kazi. Unaweza kuitengeneza na tole nyembamba, hata kama haitakuwa na uzuri.

Sasa tufike ku kalorstati, na hapa tutabishana na mafundi wengi wa avenue. Gari ikichemka, wanaitosha na kuitupa. Wanasema: hapa kwetu ni joto, haina kazi. Hapana. Katika motere nyingi kalorstati inafanya kazi mbili: ikifunguka inaachia maji iende ku radiatere, na wakati ule ule chini yake inafunga njia fupi inayorudisha maji ya moto ndani ya motere. Ukiitosha, njia fupi inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji haipite tena ku radiatere. Asubui motere inakawia kupata moto, inakunywa esanse na kujikwangua. Ku mupando, inachemka. Kujua kama ni nzima, itie ndani ya maji baridi, weka pa moto. Mbele maji ichemke, inapashwa kuwa imefunguka. Ile sufuria isirudi ku jiko hata siku moja.

Sababu yake ni hii: likide ya radiatere ni sumu, na ni tamu. Mutoto akiiona katika chupa ya Fanta atakunywa, na kidogo tu inaweza kumuharibu figo ao kumuua. Iwekwe katika bidoni yake, iandikwe, ifungiwe mbali na batoto. Lakini itumiwe, juu inazuia kutu na inapandisha tena degre ya kuchemka. Uichanganye na maji distile. Kwa wauza batri museme wazi ni maji munataka, hapana aside. Maji ya kisima inaacha ukoko mweupe ndani ya birika; inafanya vile vile ndani ya motere. Mayai na pilipili ya kuziba tundu inaziba na radiatere pia.

Kuinua kapo nyuma na rondele, kama vijana wanavyofanya? Gari ikisimama, inasaidia kidogo kutosha joto. Ikikimbia, pale chini ya vitre hewa inasukuma kwa nguvu, inaweza kurudi ndani. Ni mapambo zaidi. Kufungia vantilatere ya umeme butoni ku tablo ni kazi ya maana, lakini ipite ku rele na fizibli. Waya nyembamba peke yake itaungua.

Waendeshaji wa dampa wanajua hawazime motere mara moja kisha mupando: turbo iko moto sana, mafuta inaungulia ndani yake. Ku gari ya nyumba, dakika moja ao mbili mbele ya kuzima inatosha.

Na sindano ikifika ku nyekundu, simama. Yule anayesema nitafika paka Likasi, mara nyingi njo anapinda kilasi, na mushahara wa mwezi na minerval ya batoto inaenda ku garaji. Ukitafuta fasi ya kusimama, fungua shofaji yote. Itatosha moto kidogo ndani ya motere. Zima, fungua kapo, ungojee nusu saa, hata zaidi. Maji ya degre 110 iliyofungiwa, ukifungua bushoni, inageuka mvuke mara moja na kurukia uso na kifua. Radiatere ikiisha kupoa ku mukono, weka kitambaa kinene juu, zungusha bushoni kidogo, acha ipumue, kisha uitoshe. Maji mupya uitie pole pole, motere ikitembea.