Chakula cha Imbwa wa Nyumbani

Mama, pengine utacheka: «Kwa kliniki ya watoto munatufundisha juu ya imbwa?» Ndiyo. Imbwa anakula mabaki ya chungu chako. Kinachomuua yeye kinaweza kumdhuru mtoto pia.

Je, nafaka ni mbaya kwa imbwa?

Huko Ulaya na Marekani wanauza chakula cha imbwa kisicho na nafaka hata kidogo, tena kwa bei kubwa. Watu wanafikiri ni bora. Lakini imbwa si chui. Ameishi na watu tangu zamani, na tumbo lake limezoea bukari. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba imbwa anasaga wanga vizuri kuliko mbwa mwitu. Na mwaka 2018 serikali ya Marekani ilianza kuchunguza imbwa waliougua moyo, wengi wao wakilishwa chakula bila nafaka. Chanzo hakijathibitishwa, lakini onyo limetolewa.

Basi, bukari peke yake inatosha?

Hapana. Ni kama kwa mtoto: bukari inatia nguvu, haijengi mwili. Changanya na ndagala, vichwa vya samaki ao maharagi yaliyoiva. Paka yeye hawezi kuishi bila nyama ao samaki.

Hatari ni nini?

Hatari ni ukungu. Mara nyingi tunasema: «Mahindi haya yameoza, tutamupa imbwa.» Mama, usifanye hivi! Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuleta sumu inayoitwa aflatoksini. Inaharibu ini, na moto wa kupika hauimalizi. Mwisho wa mwaka 2005, huko Marekani, imbwa wengi walikufa juu ya chakula cha kiwanda chenye mahindi ya namna hii. Sumu ni ile ile kwa kuku, kwa imbwa na kwa mtoto anayekunywa uji.

Kumbuka:

1. Anika mahindi mpaka yakauke kabisa, yasilale juu ya udongo.
2. Yenye ukungu, chagua na kuyatupa mbali. Usiyasage.
3. Imbwa asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, wala vitunguu.
4. Imbwa akikataa kula na macho yake yakigeuka manjano, angalia gunia lako la unga mbele ya kupika uji wa mtoto.