Mikaratusi na Chemchemi Zetu

Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Katika milima hii shamba hugawanywa kwa wana hata likawa kipande tu. Si ajabu basi mkulima kupanda mikaratusi bondeni: hukua upesi, na viwanda vya chai huhitaji kuni. Lakini mti huo hunywa maji mengi, na chemchemi ya jirani huweza kukauka.

Mwaka 2009 Waziri John Michuki aliamuru ing'olewe kandokando ya mito. Amri peke yake haitoshi. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kuhifadhi udongo na maji; yafaa zimpe mwenye shamba dogo miche ya mianzi kabla ya kuleta shoka, ili yeye asilale njaa, wala jirani asilale na kiu.