Simu ya kupangusa yamrudishia asiyeona siri ya fedha zake

MSIMU wa karafuu ukifika, mji wa Wete huchangamka. Mwenye shamba hulipwa na Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), ambalo ndilo mnunuzi wa zao hilo kisheria. Naye ana wake wa kuwalipa: wachumaji wanaohesabiwa kwa pishi, waanikaji, mwenye gari. Siku hizi malipo madogo madogo ya namna hiyo yanaweza kupita kwenye simu bila mtu kubeba noti mfukoni.

Sasa chukulia kwamba mwenye mikarafuu hiyo, aliyoirithi kwa wazee wake, haoni. Ujumbe wa fedha unaingia, simu inalia, naye anamwita mtoto wa jirani: "Hebu nisomee, mwanangu." Mtoto anasoma kwa sauti, na kabla ya magharibi mtaa mzima umeshajua salio la mzee. Kutoa fedha ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa lazima amtajie mtu namba yake ya siri, awe mwanawe, mpwa wake au wakala. Huo ni uaminifu mkubwa kumtaka mtu auonyeshe kila wiki.

Wengi walidhani simu za kupangusa zingewafungia mlango kabisa walemavu wa macho. Simu ya kitochi ina vitufe, na kile cha namba 5 huwa na kinundu ambacho kidole hukitambua. Kioo laini hakina kinundu wala ukingo. Mtu atajuaje pa kubonyeza?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 2009. Mwaka huo kampuni ya Apple iliweka programu ya VoiceOver katika iPhone 3GS, na simu za Android zikapata TalkBack. Mmoja wa wahandisi wa Google walioshughulikia kazi hiyo, T.V. Raman, mwenyewe haoni. Mwaka 2011, Android toleo la 4 lilipotoka, mtumiaji aliweza kutembeza kidole juu ya kioo na kusikia kilichopo chini yake.

Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Kidole kikigusa alama, simu huitaja bila kuifungua. Kupangusa kwenda kulia hupeleka kwenye kitu kinachofuata. Kugonga mara mbili haraka hufungua. Anayeona hugusa mara moja akafungua, asiyeona husikiliza kwanza ndipo akakubali. Aliyezoea huongeza kasi ya sauti hadi jirani asielewe hata neno, kwake yeye ikawa ni mazungumzo ya kawaida. Anaweza pia kuzima mwanga wa kioo, simu ikaendelea kufanya kazi huku anayechungulia akiona giza tupu.

Kiswahili nacho kimebahatika. Maneno yake huandikwa kama yanavyotamkwa, na zipo sauti za Kiswahili, ya Google na ile ya programu ya bure ya eSpeak. Tatizo ni ujumbe uliochanganywa na Kiingereza. Sauti ya Kiswahili ikikutana na maneno hayo huyasoma kwa namna ya kuchekesha, ila haichekeshi kama neno lililokosewa ndilo la kueleza makato.

Chombo kipo, lakini hesabu ya fedha haijanyooka yote. Menyu zile za kupiga nyota na reli hutoa muda mfupi wa kujibu. Asiyeona akiwa bado anasikiliza chaguo la 4, menyu hujifunga na kumrudisha mwanzo. Programu za fedha za kwenye simu zingeondoa kero hiyo, lakini baadhi yake zimetengenezwa na watu wasiomfikiria mteja huyu. Kidole kinapita juu ya kitufe, nayo simu inasema tu "kitufe", bila jina. Ni cha kutuma au cha kufuta? Kukipa kitufe jina ni kazi ndogo kwa fundi wa programu, hivyo kampuni isiyofanya hivyo haina udhuru wa gharama.

Tena ipo haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja katika kifungu cha 12 haki ya mtu kusimamia mambo yake ya fedha mwenyewe.

Tahadhari pia inahitajika. Kutegemea ilivyopangwa, simu inaweza kutamka tarakimu za namba ya siri kila zinapoguswa, na mbele ya dirisha la wakala hilo ni balaa. Vifaa vya kusikilizia masikioni ni vya lazima, ingawa sikio moja ni bora libaki wazi kwa ajili ya pikipiki. Umeme wa kuchaji si kikwazo kikubwa kama zamani, kwani tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa Gridi ya Taifa kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga.

Anayekwenda kununua simu ya Android aijaribu dukani kabla ya kulipa. Katika nyingi za kisasa, kubana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde 3 huwasha TalkBack, na kubana tena huizima. Njia hiyo ikikataa, iwashwe kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Wapo wanaoona walioiwasha kwa bahati mbaya, simu ikaanza kusema ovyo na kukataa kufunguka, wakaipeleka kwa fundi wakidhani imeingia virusi.