Taa za Katandala na Maji ya Kariba

Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga, ukiwa mbali na Gridi ya Taifa, umepokea umeme kutoka Zambia kwa nyaya zipitazo Mbala. Na kwa kuwa umeme wa Zambia aghalabu huzalishwa kwa nguvu za maji, mwenye mashine ya kusaga hapa Katandala, anapowasha mota na unga ukaanza kumiminika, ananufaika kwa kadiri fulani na maji ya mto Zambezi yaliyozuiwa Kariba, mbali kusini ya Ufipa.

Ukuta wa Kariba, wenye kimo cha mita 128, ulikamilika mwaka 1959. Maji yaliyopandishwa nyuma yake huteremka kwa kishindo mahandakini na kuzungusha mitambo, na kadiri kimo na wingi wa maji unavyozidi, ndivyo umeme unavyozidi, pasipo kuchoma hata tone la dizeli. Faida hiyo ni dhahiri.

Lakini Watonga wapatao 57,000, waliokuwa wakilima kingo za Zambezi zilizorutubishwa na mafuriko ya kila mwaka, walihamishiwa ardhi kavu, na nyaya zikapita juu ya vijiji vyao vipya zikielekea migodini na mijini, wao wakabaki gizani. Gugumaji likatanda ziwani. Na mwaka 1963, kwa uzito wa maji yale, ardhi ikatetemeka.

Samaki wa mtoni hawakuzoea kuishi katikati ya ziwa lenye kina kirefu. Kwa hiyo mwaka 1967 na 1968 dagaa walichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika, lililo chini ya magenge yetu ya Ufipa, wakamwagwa Kariba, wakazaliana ajabu, wakaitwa kapenta. Wavuvi wa huko huwavuta usiku kwa taa, kama wafanyavyo wavuvi wetu wa Kasanga kwa karabai, kisha huwaanika juani. Riziki hiyo ni kubwa, ila vyombo vyake vilitaka mtaji ambao Mtonga aliyehamishwa aghalabu hakuwa nao. Nami naona hii ndiyo dhuluma ya mabwawa mengi, kwamba anayelipa gharama siye anayewasha taa.

Tena mvua haina ahadi. Mwaka 2024 ukame ulishusha Kariba hata Zambia ikakaa gizani saa nyingi kila siku.

Sasa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa, kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, imekusudiwa kutuunganisha na Gridi, yenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kwenye mto Rufiji. Basi wa kutulipia watakuwa Warufiji, wanaopanda mazao ya mlau kwenye unyevu unaoachwa na mafuriko, pamoja na mikoko ya delta yao. Tope la rutuba hutuama kwa wingi nyuma ya ukuta, na hilo halina dawa nyepesi. Lakini maji yanaweza kuachiwa kwa majira yake, na sisi wa Katandala, tutakaotumia umeme huo, tuna haki na wajibu wa kudai yaachiwe, hata kama megawati kadhaa zitapungua.